Siri ya mgonjwa ivuke mto namna gani?

Mgonjwa akihamishwa kutoka Alunguli, habari zake huvuka Lualaba pamoja naye mfukoni: fishi, karatasi ya maabara, pengine jina la dawa kwenye kipande cha daftari la shule. Karatasi ikilowa mtumbwini, vipimo vinaanza upya, na familia inalipa tena.

Nchi yetu inatumia DHIS2, lakini humo hupita zaidi hesabu za wagonjwa, si historia ya mtu mmoja. Sasa kunazungumzwa blokicheni ya faragha: hospitali chache zinazojuana zinashika daftari moja, kila moja na nakala yake, wala hakuna anayebadili mstari bila wengine kuona. Estonia ilianza kulinda rekodi za afya kwa ufundi wa namna hii mwaka 2016, ila rekodi zenyewe hazikuingizwa katika mnyororo. Ziliingia alama zake tu. Hapo tunaona hekima. Kitu kisichofutika ni hatari kikibeba jina la mwenye UKIMWI au la mama aliyebakwa. Tena, kosa la muuguzi aliyechoka daftari hilo halilisahihishi, linalihifadhi.

Kanisa la Kristo katika Kongo lina hospitali nyingi, basi jambo hili litatufikia mezani. Sisi wachungaji tunajua siri ikitoka inavyovunja nyumba. Kabla ya kutia sahihi, tuulize nani atashika ufunguo, mgonjwa ataombwa ruhusa kwa lugha gani, na umeme ukikosekana siku tatu muuguzi atasoma wapi. Mfuko wa plastiki wa kufunikia fishi tunaweza kuutoa hata wiki hii.