Ng'ombe wameliwa, binti arudi akapigwe?

Wadau, hili la mahari tusilifumbie macho. Iwe hapa Iguguno au kwingineko kunakotolewa ng'ombe, binti akipigwa na kukimbilia kwao, mara nyingi swali la kwanza si "umeumia wapi?" Ni "ng'ombe za watu tutarudisha na nini?" Pengine kaka yake ameshazioelea! Basi anaambiwa avumilie, arudi.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Lakini kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimpa mume njia ya kudai mahari ndoa ikivunjika. Sasa huyu mama akimbilie wapi?

Wenzetu Uganda, Agosti 2015, katika kesi iliyofunguliwa na MIFUMI, Mahakama ya Juu ilisema kudai mahari irudishwe ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikufutwa. Kilichofutwa ni deni.

Mwanamke akishauawa, kesi ya mauaji itamsaidia nini? Wabunge, futeni deni hili akiwa hai. Nanyi wazee wangu, mnasema mahari ni shukrani. Shukrani gani inayodaiwa? Au mliuza?