Porsche 911: Sura iliyochukiwa ndiyo iliyoliokoa gari

MNAMO Mei 2024, kampuni ya Porsche ya Ujerumani ilizindua gari la 911 aina ya Carrera GTS ambalo injini yake ya petroli husaidiwa na mota ya umeme. Uzinduzi huo ulifufua hoja ambayo wengi walidhani imekwisha kuzikwa: gari likibadilishwa kwa kiasi gani ndipo hukoma kuwa lenyewe?

Mashabiki wa jadi wanasema roho ya gari imeuzwa. Wenzao wanajibu kwamba malalamiko hayo ni yale yale ya 1997, na kwamba historia iliwaumbua walioyatoa. Pande zote mbili zina chembe ya ukweli.

Lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963, gari hilo lilijitofautisha kwa mambo matatu. Injini yake ya silinda sita zilizolala, tatu kila upande, ilikaa nyuma kabisa, hata kuipita ekseli ya magurudumu ya nyuma. Paa lake liliteremka kwa mkunjo mmoja hadi mkiani. Tena injini ilipozwa kwa hewa ya feni, si kwa maji ya rejeta.

Wakenya wa makamo walilifahamu gari hilo katika vumbi na tope la mbio za Safari Rally. Björn Waldegård wa Uswidi aliliendesha hadi nafasi ya pili mwaka 1974, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya. Mwaka 1978, Vic Preston Junior alimaliza wa pili akiwa katika gari la aina hiyo hiyo. Ushindi wenyewe uliponyoka, lakini sifa ya uimara ilibaki.

Hali ilichafuka mwaka 1997 ulipotokea muundo mpya, maarufu kwa nambari 996. Kwa mara ya kwanza injini ya 911 ilipozwa kwa maji. Sehemu ya mbele ilifanana mno na ile ya Boxster, gari la bei nafuu zaidi la kampuni hiyo hiyo, na taa za duara zilizozoeleka zikaondolewa. Taa mpya zilifananishwa na mayai ya kukaanga. Wapenzi wa gari walilalama kwamba mngurumo umefifia, sura imekopwa na ufundi umepunguzwa ili kubana gharama.

Kuhusu gharama, hawakukosea. Mauzo ya Porsche, ambayo yalikuwa yamepita magari 50,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, yaliporomoka vibaya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kampuni ikakaribia kupoteza uhuru wake. Wendelin Wiedeking, aliyekabidhiwa uongozi, aliwaita wataalamu wa Kijapani wafunze viwanda vyake namna ya kupunguza ubadhirifu. Kuyafanya magari mawili yatumie vipuri vilevile kulikuwa sehemu ya tiba hiyo.

Maji nayo yalikuwa na sababu yake. Sheria za kudhibiti kelele na moshi zilikuwa zikikazwa, na injini inayotegemea hewa ni vigumu kuipoza sawasawa inapoongezewa vali na nguvu. Kama wahandisi wangeshikilia hewa, huenda leo kungekuwa na 911 katika majumba ya makumbusho pekee. Badala yake, muundo huo uliolaaniwa uliuzwa zaidi ya magari 170,000, na kampuni ikasimama tena.

Lililofuata lina funzo kubwa zaidi. Mrithi wake alipozinduliwa mwaka 2004, taa za duara zilirudi, lakini maji yalibaki. Wakosoaji walishinda hoja moja na kushindwa nyingine, na katika zote mbili uamuzi ulikuwa wa haki. Taa zilikuwa zimebadilishwa kwa sababu ya fedha tu. Maji yaliletwa na sheria na mahitaji ya mitambo. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, ila hawakumkataza mtu kuutia mbachao kiraka.

Gari la 2024 likipimwa kwa mizani hiyo, linapita. Silinda sita zingali nyuma, mkunjo wa paa upo, na betri yake ni ndogo kiasi kwamba haihitaji kuchajiwa kwa waya. Uzito ulioongezeka ni takriban kilo 50. Umeme umeletwa kuisaidia injini, si kuichukulia nafasi.

Hata hivyo, wakosoaji wana hoja moja nzito, nayo haihusu mngurumo wala taa. Katika mbio za magari ya kale za East African Safari Classic, Waldegård alishinda mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015, wote wakiendesha 911 za enzi ya kupozwa kwa hewa. Magari yaliyoundwa miongo kadhaa kabla yaliweza kufunguliwa kwa spana usiku na kurejeshwa barabarani alfajiri. Gari linaloongozwa na kompyuta na betri litamtegemea aliyeliunda kwa kila jambo. Vipuri na programu zake vikikoma kutengenezwa, fundi wa kawaida hatakuwa na la kufanya.

Porsche yenyewe inaithamini kumbukumbu hiyo. Mwaka 2022 ilizindua 911 Dakar, gari lililoinuliwa kwa ajili ya njia mbovu, likiwa na idadi ya 2,500 pekee. Baadhi yake yaliweza kupambwa kwa rangi zinazokumbusha Safari Rally ya miaka ya 1970.

Rangi, hata hivyo, hupakwa kwa siku moja. Mtihani wa kweli utakuja miaka 40 ijayo, magari ya leo yatakapozeeka, na itakapojulikana kama yupo fundi, Nairobi au Stuttgart, atakayeweza kuyawasha.