Boila Ikizimika, Kitufe Si Fundi

Kila majira ya baridi yanapoingia Uingereza, mchezo uleule hurudiwa katika maelfu ya nyumba. Boila ya gesi inawaka dakika chache, inazimika. Mtu anabonyeza kitufe cha kuiwasha upya. Inawaka, inazimika tena. Usiku unaingia, redieta ni za baridi na watoto wanalala na makoti. Zaidi ya nyumba milioni 20 nchini humo hupata joto na maji ya moto kwa gesi, zikiwemo za Waswahili wa London na Leicester waliokulia Mombasa au Dar es Salaam, ambako hakuna anayewaza kuipasha nyumba joto.

Kosa kubwa liko kwenye hicho kitufe. Boila inayojizima mara nyingi inafanya kazi iliyoundiwa kufanya: imeona jambo lisilo salama, ikagoma. Kuibembeleza iwake bila kujua imegomea nini ni kuipuuza taarifa inayotolewa bure.

Ndani ya boila ya kisasa kuna walinzi kadhaa. Sindano nyembamba ya chuma hukaa ndani ya mwali, na mwali wenyewe hupitisha mkondo hafifu sana wa umeme. Mwali ukipotea, mkondo hukatika na valvu ya gesi hufungwa, ili gesi isiyoungua isijae. Sensa za joto huzima moto maji yakipata joto kupita kiasi. Nyingine huangalia presha ya maji, na nyingine huhakikisha feni inausukuma moshi nje. Mmoja wao asiporidhika, boila husimama na kuonyesha alama kwenye kioo chake. Boila za Vaillant huandika F.22 presha ya maji ikiwa chini, na F.28 gesi ikishindwa kuwaka; za Worcester Bosch huandika EA mwali usipoonekana. Alama hiyo ipigwe picha kwanza, kabla ya mkono kufika kwenye kitufe.

Yapo mambo ambayo mwenye kuishi ndani anaweza kuyakagua mwenyewe bila kugusa gesi. La kwanza ni salio. Nyumba nyingi za kupanga zina mita za kulipia kabla, zinazofanya kazi kama mita za umeme za Luku za Tanzania, na salio la gesi likiisha boila haina cha kuchoma. Fundi aliyeitwa kuja kutazama mita yenye sifuri atadai ujira wake vilevile.

La pili ni presha. Mfumo ukiwa baridi, geji ya boila nyingi inapaswa kusoma kati ya bar 1 na 1.5. Ikiwa chini ya hapo, maji huongezwa polepole kupitia bomba dogo la kujazia, kwa kufuata kitabu cha boila, kisha valvu zake zinafungwa kabisa. Lakini presha ikishuka tena baada ya siku chache, kuongeza maji si matengenezo. Kuna mahali yanavuja, au tangi la upanuzi limepoteza hewa yake, na kila maji mapya yanayoingia yanaleta oksijeni inayokula redieta kwa ndani. Kutu hiyo hugeuka tope jeusi, tope huziba njia, maji hayazunguki, na boila inazimika kwa kuzidiwa joto. Pale ambapo maji yana chokaa nyingi, kama London, chokaa hiyo nayo huganda ndani ya boila na kuleta matokeo hayohayo.

La tatu huja na barafu. Tangu 2005, sheria katika England na Wales imetaka karibu kila boila mpya iwe ya aina inayovuna joto hata kwenye mvuke wa moshi wake. Mvuke huo hugeuka maji na kutoka kwa bomba la plastiki, ambalo mara nyingi hupita ukuta wa nje. Bomba likiganda, maji hurudi nyuma na boila husimama huku ikigugumia. Katika Desemba 2010, iliyokuwa na baridi isiyo ya kawaida, nyumba nyingi zilibaki bila joto kwa sababu hii tu. Dawa yake ni kulimwagia bomba maji ya uvuguvugu, kamwe si yanayochemka, iwapo linafikika mtu akiwa chini, kisha kuiwasha boila upya mara moja tu.

Baada ya hapo, mikono ikae mbali. Kifuniko cha boila si cha jamaa mwenye bisibisi, hata awe hodari vipi. Anayelipwa kufanya kazi ya gesi lazima awe kwenye rejista ya Gas Safe, na kitambulisho chake kina picha, namba na, kwa nyuma, aina za kazi anazoruhusiwa. Moto usioungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Watu wote wa nyumba wakiumwa kichwa na kupata kizunguzungu, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, hilo si suala la boila tena: ni kuzima gesi, kufungua madirisha, kutoka, na kupiga simu ya dharura ya gesi, 0800 111 999. Anayejisikia vibaya atafute daktari mara moja.

Atatokea wa kusema kuwa fundi ni ghali. Ni kweli, ila kwa mpangaji bili hiyo kwa kawaida si yake. Katika England, sheria ya mwaka 1985 inamtwika mwenye nyumba matengenezo ya vifaa vya joto na maji ya moto, na kanuni za gesi za 1998 zinamtaka afanye ukaguzi kila mwaka na kumpa mpangaji nakala ya cheti. Wapangaji wengi wageni hunyamaza wakihofia kuonekana wasumbufu, na wenye nyumba wabaya wanaujua ukimya huo vizuri. Malalamiko ya mdomo hayaachi alama. Ujumbe wa maandishi wenye tarehe, saa boila ilipozimika, alama iliyoonekana na picha ya geji humfaa fundi katika kutafuta ubovu, na mwenye nyumba akiendelea kupuuza, ndio unaopelekwa halmashauri.