Staa Katoa Povu Msamvu, Dogo Kakatwa Hela: Lile Taulo Lilikuwa la Nani?

Jina kapuni. Ni staa wa Bongo Fleva, ana ngoma mbili zilizotikisa, na ana Crown nyeusi anayoiposti kuliko anavyoposti nyimbo zake. Majuzi alikuwa anatoka Dar kwenda kupiga shoo Dodoma, akasimama Msamvu. Hakuna cha ajabu hapo. Msamvu ndipo barabara ya Dar inapogawanyika, huku Dodoma, huku Iringa, na ndipo wenye magari yao wanapopenda kuyaosha ili waingie mji wa watu na ndinga yenye sura. (Ndiyo, SGR ipo, Dar mpaka Moro haifiki hata saa mbili. Lakini nani atajua una Crown ukishuka kwenye treni?)

Gari likaoshwa, likafutwa. Kisha staa akaenda laivu. Kamulika boneti kwa tochi ya simu, vikaonekana vimistari vya duara kama utando wa buibui, na povu likaanza. Sio la sabuni. "Umeniharibia gari, utalipa!" Dogo aliyeosha kasimama pembeni, taulo la pinki begani, mikono hajui aiweke wapi. Nyuma chawa wawili wanaitikia kama kwaya. Bosi wa kijiwe, kwa kuogopa kamera, akatoa hukumu papo hapo: dogo atakatwa kila siku mpaka itimie laki moja na nusu ya kupiga polishi ya mashine.

Laki moja na nusu. Dogo analipwa kwa gari, na akibahatika anapata buku mbili kwa kila moja. Hayo ni magari 75, na hapo hajala, hajalipa kodi ya chumba, hajatuma kitu kwa mama yake.

Mitandaoni wengi wamesimama na staa. Eti waosha magari ni wazembe, eti gari la mamilioni huwezi kumpa kila mtu. Wameangalia video nzima na hawajaona kitu kilichokuwa kimekaa katikati ya picha, begani kwa dogo.

Tuanze na mistari yenyewe. Mchubuko wa siku moja una sura yake: mrefu, mbichi, una pa kuanzia na pa kuishia. Kama pale ungekuwepo wa hivyo, sawa, dogo ajieleze. Utando uliotandaa boneti nzima mpaka kwenye paa, vimistari maelfu vinavyozunguka mwanga wa tochi, hauletwi na kuoshwa mara moja Msamvu. Huo ni wa miezi. Kila mstari ni kamchubuko kadogo kwenye ile vanishi ya juu ya rangi, na mwanga ukipiga sehemu moja ndiyo vyote vinajipanga kama duara. Kwenye Noah nyeupe hutaviona hata ukitafuta. Nyeusi haina siri.

Sasa vilitoka wapi? Ukitaka jibu, shuka kwenye ukurasa wa staa mwenyewe. Kuna video kama kumi hivi, kabla ya kila picha chawa anavua fulana au anachomoa kitambaa mfukoni, anafuta vumbi boneti kavu kavu, mizunguko ya haraka haraka, halafu "bro, sasa piga." Vumbi ni mchanga uliosagika. Mchanga ni mgumu kuliko vanishi. Kufuta vumbi kavu kwa fulana ni kupiga msasa, tofauti ni kwamba msasa unauzwa dukani na fulana ile ina picha ya mgombea. Staa kalipiga gari lake msasa mwaka mzima mbele ya wafuasi wake, halafu bili kaipeleka Msamvu.

Hii haina maana kwamba lile taulo la pinki ni jema. Taulo lile ni balaa. Ni taulo la kuogea la mtumba, vitanzi vyake vimelala, pindo limekuwa gumu kama kamba, na lebo ya plastiki bado imeshonwa kwenye kona. Siku hiyohiyo lilikuwa limeshafuta Coaster, bodaboda mbili na kioo cha lori la mizigo. Linasuuzwa kwenye ndoo ileile inayolowekewa brashi ya tairi, na siku maji yakikatika ndoo hiyo moja inahudumia magari matatu. Ukilivuta taulo hilo juu ya Crown nyeusi, lazima liache alama. Kwa hiyo dogo kaongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kuwa na chumvi, hilo likubalike.

Ila swali la staa lilikuwa "nani kaharibu?" wakati swali lenyewe ni nani aliyenunua lile taulo. Kwenye vijiwe vingi mpango uko hivi: bosi anatoa mashine ya maji, sabuni na eneo. Taulo, dogo ajitafutie. Ndiyo maana ni la pinki, na ndiyo maana ni la kuogea: limetoka kwao. Mteja analipa elfu kumi, bosi anachukua nane, na kifaa pekee kinachogusa rangi ya gari mwanzo mpaka mwisho kimenunuliwa na mtu anayepata mbili. Halafu kikikwaruza, analipa yeyeyule. Ukiipindua hesabu hii kichwa chini miguu juu bado haikai.

Wanaomtetea staa wana hoja moja yenye miguu: mteja kalipa, kwa nini aje na vifaa? Sawa. Waulizwe hao hao wanaponyolewa wapi. Kila mwanaume anayejijali mjini ana mashine yake ya kunyolea, anaibeba kwenye begi mpaka saluni, na wengine wanabeba na taulo. Dada zao wanakwenda kusuka na vitana vyao. Hakuna anayesema "nimelipa, kwa nini nije na mashine." Wanajua kitu kinachopita kwenye ngozi za watu 20 kwa siku hakifai kupita kwenye yao. Kichwa cha buku mbili kina mashine yake binafsi, ila Crown ya mamilioni ifutwe na taulo lililotoka kwenye lori!

Na taulo zuri sio la kutafuta Dubai. Wamachinga wanapita nayo kwenye foleni, maduka ya vipuri wanayo, bei yake ni chipsi kuku na soda, likiwa kubwa na zito sana basi ni chipsi kuku za wawili. Tatizo ni kwamba watu wananunua kwa rangi.

Cha kutafuta ni maikrofaiba. Uzi wake ni polista iliyochanganywa na nailoni kidogo, mwembamba kiasi kwamba ukinyoosha uzi mmoja kilomita 9 hautafika gramu 1. Nyuzi hizo zikipasuliwa vizuri kiwandani zinakuwa na mianya midogo, maji yanaingia mle na mchanga uliobaki unazama ndani ya manyoya badala ya kusagwa juu ya rangi. Dukani lipitishe kiganjani: la kweli linanasa kwenye ngozi kavu kama linakwaruza kidogo, na wengi wanalirudisha kwa sababu hiyo wakidhani ni baya. Linaloteleza kama hariri mara nyingi linasukuma maji tu kutoka huku kwenda kule.

Kisha uzito. Kwenye lebo kuna namba imeandikwa GSM, yaani gramu kwa kila mita moja ya mraba ya kitambaa. Vile vyepesi vya 300 kushuka chini ni vya dashibodi na vioo. Kukausha bodi kunataka 500 kwenda juu. Yapo mpaka ya 1,000 na zaidi, yananyonya kweli, lakini yakilowa ni mazito kama mtoto aliyelala na kuyakamua ni kazi. Kwa gari dogo huko ni kutafuta sifa. Angalia pindo: liwe laini, au lisiwepo kabisa. Lebo ikatwe kabla taulo halijagusa gari, sio baada ya mkwaruzo wa kwanza.

Kile kitambaa cha njano kinachouzwa ndani ya kopo la plastiki, kinachokauka kikawa kigumu kama papa mkavu, kina watetezi wake wengi, hasa madereva wa zamani. Kinanyonya maji, hakuna ubishi. Ila hakina manyoya. Chembe ya mchanga ikibaki haina pa kuzama, inaburuzwa tu. Kwenye kioo kiko poa. Kwenye boneti nyeusi, hapana. Na wale wa "wazee walifutia kanga na magari yakadumu miaka 30", kanga iliyochakaa kweli ni laini, lakini hainyonyi kiasi hicho, na magari mengi ya wazee hayakuwa na vanishi ya juu. Rangi ikififia, mzee alipaka polishi kwa mkono, yakaisha.

Hata taulo la bei gani, ukilitumia kama deki ya ukumbi litakwaruza. Gari kwanza lisuuzwe mpaka maji yanayodondoka yawe meupe, maana Msamvu vumbi la barabara tatu linakutana na vipande vya chuma kutoka kwenye breki za mabasi. Halafu taulo linatandazwa na kuvutwa taratibu, au linapapaswa, hakuna kuzungusha mkono kama unafuta ubao. Paa kwanza, vioo, boneti, ubavu wa juu. Chini ya milango, kule matope yanakorukia, pana kitambaa chake. Rimu na tairi zina chao kingine na rangi tofauti ili hata mtu mwenye haraka asichanganye. Likidondoka chini, limestaafu siku hiyo. Nyumbani lifuliwe peke yake, lisichanganywe na nguo za pamba zinazoacha manyoya, bila jiki, bila yale maji ya kulainisha nguo, maana yanaziba mianya na taulo linakuwa kama nailoni.

Haya sio mambo ya Ulaya. Kuna mzee mmoja wa makamo, naye jina kapuni, anaendesha V8 ya bosi wake na anapita Msamvu kila mara. Gari ni jeusi tii. Dogo anaosha, anasuuza, halafu mzee anasema "mwanangu, hapo niachie." Anatoa taulo lake kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti, anakausha mwenyewe akipiga stori na madogo, anamaliza, analikunja, anatoa hela kamili na ya soda juu. Madogo wanamwita Mzee Taulo. Hana insta. Ukilimulika lile gari kwa tochi utaona sura yako.

Kuhusu polishi, staa ajue kitu kimoja. Mashine haijazi mikwaruzo, inakula vanishi mpaka ilingane na kina cha mkwaruzo. Vanishi ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Inaweza kuliwa mara chache tu kabla ya kuisha. Hela ya dogo itang'arisha boneti, chawa watarudi na fulana, utando utarudi, na safari ijayo atalaumiwa dogo wa Dodoma au wa Iringa.

Na bosi wa kijiwe asijifiche nyuma ya staa. Yeye ndiye aliyekuwa anajua kwamba taulo limetoka nyumbani kwa kijana wake, alijua limefuta lori, na alikaa kimya mpaka kamera ilipozimwa. Anunue mataulo ya kijiwe, ya bodi mbali na ya tairi mbali, na ndoo ziwe mbili. Gharama iingie kwenye ile nane yake. Mteja mwenye gari jeusi aambiwe mapema, kabla sabuni haijaguswa, kwamba aje na taulo lake au akubali la kijiwe. Makato yasimame leo. Na kile dogo alichokwisha kukatwa arudishiwe mkononi, chote, sio kwa ahadi ya "tutaona mwezi ukiisha."