Tucheze, Lakini Tutafsiri

Wako wanaodai kuwa Saida Karoli ni mwimbaji wa kuchezwa, si wa kusomwa. Nawapinga. Mwaka 2001 msanii huyu wa Bukoba alitoa "Maria Salome", wimbo ambao sehemu yake kubwa ni Kihaya, na nchi nzima ikaitika. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaufufua katika "Salome". Umma ukaitika tena. Miaka 15 ikapita, na wengi wetu hatukuuliza maana ya maneno tuliyoyaimba. Huko si kuienzi sanaa. Ni kutafuna karanga na maganda yake.

Wahaya wana tendi za enanga tangu kale, na mwaka 1986 Mugyabuso Mulokozi alizifanya tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi wahariri wa diwani wana udhuru gani? Sisi wa Bumbire, ambao Kihaya na Kiswahili hupanda mtumbwi mmoja, twajua lugha moja haiizamishi nyingine. Nyimbo za Saida zichapwe, Kihaya ukurasa huu, Kiswahili ukurasa wa pili, na jina lake juu. Asiyetafsiriwa hukumbukwa kwa mdundo tu, na ushairi wake hupotea angali hai.