Tusikimbilie Kung'oa Jino

Wahenga walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii hukaririwa na kila mwanafunzi, ila ni wachache wanaotambua kuwa meno ya aina hiyo yalikuwako kweli. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amesaliwa na jino moja tu la asili. Baadhi ya meno yake ya bandia yalichongwa kutokana na pembe ya kiboko, nayo yalimtesa hadi mwisho wa uhai wake.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, alivunjika jino la mbele la juu alipokuwa akiguguna hindi la kuchoma. Zahanatini alikokwenda aliambiwa maneno mawili: ling'olewe tu. Likang'olewa. Hakuna aliyemweleza kwamba mzizi wa jino hilo ulikuwa bado mzima.

Yaliyofuata yananihusu mimi kama mwanaisimu. Sauti f na v hutamkwa meno ya juu yakigusa mdomo wa chini. Sauti th na dh huhitaji ncha ya ulimi kwenye meno, nazo s na z huhitaji hewa ikatwe na ukingo wa meno hayo. Mwalimu wetu alipotoa imla, neno "zana" lilisikika "dhana", na wanafunzi wakaandika walichokisikia. Je, wa kulaumiwa ni nani? Polepole akaacha kusoma kwa sauti, na siku hizi huzungumza kiganja kikiwa mdomoni.

Pengine msomaji atauliza: mbona Waluo wa zamani waling'olewa meno sita ya chini na bado wakasifika kwa ufasaha? Jibu ni kwamba waling'olewa wangali vijana, nao ulimi ukapata muda wa kuzoea. Isitoshe, meno yao ya juu yalibaki.

Ikumbukwe kwamba gamba gumu la jino halioti tena likishavunjika. Hata hivyo, mzizi ukiwa imara, jino laweza kuvishwa kofia. Daktari wa meno husafisha sehemu iliyooza, na ikiwa kiini chenye neva kimeharibika, hukiondoa na kuziba mfereji wa mzizi. Kisha hulichonga jino lililosalia na kuchukua kalibu yake. Kalibu hiyo hupelekwa kwa fundi wa maabara, ambaye hufinyanga kofia ya kauri au ya madini inayolingana na jino la mtu huyo na si la mwingine. Mgonjwa huvaa kofia ya muda mpaka ile ya kudumu iwe tayari. Siku hizi ziko kliniki ambazo hupima jino kwa kompyuta na kuichonga kofia siku iyo hiyo.

Naam, kofia hugharimu fedha nyingi kuliko kung'oa. Lakini pengo nalo lina gharama zake: meno ya jirani huinama kulielekea, lile linalolikabili hurefuka, na mfupa wa taya hupungua. Anayetaka kuliziba baadaye atahitaji daraja au meno ya bandia, na huenda bei ikawa maradufu.

Kwa hiyo, ni kosa kwa baadhi ya mipango ya bima kuiona kofia ya jino kuwa urembo. Kwa mwalimu, jino la mbele ni chombo cha kazi sawa na chaki. Wanaojadiliana kwa niaba ya walimu kuhusu matibabu hawana budi kulitia jambo hili katika madai yao. Walimu nao wawahimize wanafunzi wapige mswaki na kwenda kwa daktari tundu lingali dogo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mgonjwa yeyote anayeambiwa "ling'olewe tu" aulize kwanza: je, mzizi wangu ni mzima?

Wahenga hawakukosea. Jino la pembe halikuwa dawa ya pengo, na hata leo dawa iliyo bora ni kutoliruhusu pengo lenyewe litokee.