Tamko Kuhusu Haki ya Kuandamana kwa Amani

Wundanyi, Kaunti ya Taita Taveta

Sisi, wanachama wa chama cha walimu wastaafu wa Wundanyi, baada ya kukutana na kushauriana, tunatoa tamko hili kwa umma na kwa wenye mamlaka.

1. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wenyeji wa milima hii waliunda Taita Hills Association. Ardhi yao, ikiwemo ya hapa Wundanyi, ilikuwa imetwaliwa kwa mashamba ya walowezi, nao walitaka irudishwe. Mei 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association. Viongozi wake, akiwemo Woresha Mengo, waliwekwa kizuizini.

2. Miaka miwili kabla ya hapo, maelfu ya Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walikuwa wameandamana hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao. Walikaa huko kwa wiki kadhaa, wake kwa waume, bila silaha. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Hata hivyo, kabla mwaka 1938 haujaisha, serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo.

3. Kwa watu hao kila mmoja wetu amejifunza jambo kwa nafsi yake. Tumejifunza kwamba adaiye haki hana budi kujua anachodai na kukieleza waziwazi, na kwamba asiyeshika silaha humlazimisha mwenye nguvu kuamua mbele ya macho ya watu atamtendea nini. Tumejifunza pia kwamba subira si unyonge. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi, na Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Polisi walipowatawanya kwa marungu walihamia kanisa la All Saints, wakaendelea na dai lao hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa. Wengi wa akina mama hao walikuwa watu wazima wenye wajukuu. Kwetu sisi tuliokwisha kuota mvi, funzo hilo linatuondolea kisingizio cha umri.

4. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Sheria inamtaka mwandalizi akiarifu kituo cha polisi kati ya siku 3 na 14 kabla ya maandamano. Haimtaki aombe ruhusa. Kwa hiyo, afisa anayezuia mkutano wa amani kwa sababu tu hakuridhia ufanyike anatenda nje ya mamlaka yake.

5. Juni 2024 vijana wa Kenya waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, na makumi wakauawa. Rais alikataa kuutia saini mswada huo, lakini waliokufa hawakurudi. Chama hiki hakikubali kwamba uhai wa raia ni gharama ya kawaida ya kusikilizwa.

6. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo, na madai ya ardhi na mapato yangali hai miongoni mwetu. Tumeazimia kuwasaidia vijana kuyaandika madai hayo kwa usahihi, na kutembea mstari wa mbele pamoja nao watakapoyapeleka. Hatutamtetea mrusha mawe wala mporaji. Vilevile hatutanyamaza pale mwandamanaji mtulivu atakapopigwa.

7. Tunautaka uongozi wa polisi katika kaunti uhakikishe kwamba maafisa wanaosimamia maandamano wamevaa sare na wanatambulika. Nakala za tamko hili zinapelekwa kwa uongozi huo, kwa Gavana na kwa Bunge la Kaunti. Chama kinasubiri majibu yao kwa maandishi.